Fidla yao imerudi jukwaani, yetu iko juu ya kabati

Kwa Mhariri,

Salaam aleikum. Mie ni msomaji wako wa tangu gazeti likiuzwa kwa kupigiwa kelele pale Mwembe Tayari, na siku zote huwa nasoma nikalikunja nikarudi kazini, sina tabia ya kuandika barua. Leo nimeandika kwa sababu kuna msomaji mwenzangu alisema hapa kwenye ukurasa huu kwamba muziki wa kantri ni wa Wazungu walevi na watu wa bara, na kijana wa Mombasa akionekana anausikiza basi huyo kapotea njia. Nilicheka, halafu nkaudhika kidogo, maana huyo kijana aliyepotea njia ni mie, ila ujana wenyewe umebaki jina tu, mwezi wa tatu nimetimiza miaka hamsini na mbili.

Kazi yangu fundi wa redio hapa Majengo. Zamani nilikuwa nashika redio kaseti na amplifaya, siku hizi ni subwufa, spika za bluetuth na kibodi za bendi za harusi. Kantri sikuitafuta, ilinijia kupitia ukuta. Miaka ya tisini nilikuwa napanga chumba na jirani yangu mtu wa Molo, na nyumba zetu mwazijua, ukuta haufiki juu, kwa hivyo kaseti yake ya Don Williams, yule mwimbaji wa kantri, ilikuwa kaseti yangu pia nikitaka nisitake. Mwezi wa kwanza nilimgongea ukuta apunguze. Mwezi wa pili nkaacha kugonga. Wa tatu nilikuwa nagonga nikimwambia geuza upande wa pili. Don Williams alipofariki Septemba 2017 yule jirani alikuwa amesharudi kwao zamani, akanipigia simu, tukakaa watu wazima wawili kwenye laini hatuna la kusema hadi salio likaisha.

Sasa yule bwana kuna kitu amesema kweli, nyimbo nyingi za kantri zina pombe ndani, hilo sibishi na mie mwenyewe sinywi. Lakini jamani na sisi taarabu yetu ina mangapi ndani? Tunaimba embe, tunaimba waridi, tunaimba chombo kimeingia maji, na kila mtu mzima pale ukumbini anajua si embe wala si chombo. Tusihukumiane kwa hilo.

Nilichotaka kuwaambia ni kwamba huko Marekani kuna jambo linaendelea kwenye huo muziki na linatuhusu sisi watu wa Mombasa kuliko tunavyofikiria. Kwa miaka mingi kantri ya redioni ilikuwa imegeuka, ngoma za kompyuta, sauti zimepitishwa kwenye mashine mpaka kila mwimbaji ni yule yule, nusu anaimba nusu anarapu, na vile vyombo vyenyewe vya kantri, fidla na banjo na lile gitaa la stili, ukisikia basi ni kwa mbali kama chumvi iliyosahauliwa. Halafu wakaanza kutokea watu kinyumenyume. Mwaka 2015 Chris Stapleton, jamaa wa ndevu ndefu aliyekuwa akiwaandikia wenzake nyimbo miaka yote, akapanda jukwaani kwenye tuzo za CMA, zile za chama chao cha muziki wa kantri, akaimba pamoja na Justin Timberlake na usiku ule ule akabeba albamu bora. 2024 akaja kijana anaitwa Zach Top, kazaliwa 1997, amekulia kwenye bendi ya ndugu zake, na albamu yake ya mwaka huo ukiisikiliza utaapa imerekodiwa wakati mie niko darasa la pili. Watu wa umri wake ndio wanaomjazia viwanja. Mpaka 2025 wale wa Grammy, tuzo kubwa za muziki za Marekani, wakaona hawana budi, wakaigawanya tuzo ya albamu ya kantri vipande viwili, ya kisasa mbali na ya kimapokeo mbali.

Na hii stili ninayoitaja wengi hamjaiona ikipigwa. Si gitaa la kukumbatia kifuani. Inasimama kwa miguu yake kama meza, nyuzi kumi, mkono wa kushoto umeshika kipande cha chuma unakitelezesha juu ya nyuzi, wa kulia unadonoa, nyayo zinakanyaga pedali na magoti nayo yanasukuma vyuma pembeni, yaani mpigaji anahangaika mwili mzima kama fundi cherehani mwezi wa Ramadhani. Sauti inayotoka haina ngazi, inapanda polepole kama mtu aliyeanza kulia akajizuia. Mie nimefungua amplifaya maelfu maishani mwangu na bado sijui kwa nini sauti ile inanishika hapa.

Hii si mara ya kwanza wao kupotea na kurudi. Mwishoni mwa miaka ya hamsini rock ilipowanyang'anya wateja, wakubwa wa studio za Nashville, mji ambao ndio makao ya kantri, kina Chet Atkins na Owen Bradley waliondoa fidla na stili mbele wakaweka vinanda laini na kwaya ya waitikiaji nyuma, ili watu wa mjini wanunue. Na mjue kwamba Jim Reeves, ambaye wazee wetu Wakristo wakimsikia Krismasi machozi yanawatoka kwa kukumbuka zamani, ndiye alikuwa usasa wenyewe wa wakati huo! Kuna watu walinuna kwa sababu yake. Miaka ya themanini wakatokea kina George Strait na Ricky Skaggs na Randy Travis wakairudisha fidla mbele. Ikapotea tena. 2000 ikatoka filamu moja ya kuchekesha ambayo nyimbo zake zilikuwa za mlimani za kizamani, redio hazikuzijali hata kidogo, na 2002 mkusanyo ule ukachukua Grammy ya albamu ya mwaka. Inakuja inaondoka kama pepo za kusi na kaskazi.

Lakini kinachonivutia si tuzo. Ni vile inavyorudi, kwa sababu kila nikifuatilia nakuta pale mwanzo kuna mzee na kuna kijana.

Huyo Ricky Skaggs nimemtaja. Mwaka 1970 yeye na mwenzake Keith Whitley walikuwa wavulana wa shule, wakaenda kumtazama mzee Ralph Stanley, bingwa wa banjo, kwenye klabu fulani West Virginia. Gari la mzee likapata pancha njiani, mzee kachelewa, wenye klabu wakawaambia wale watoto basi hebu pandeni mtutulizie watu. Stanley anafika anasimama mlangoni anasikia nyimbo zake mwenyewe, zile alizoimba na kaka yake aliyefariki, zinatoka midomoni mwa watoto wawili noti kwa noti. Akawachukua kwenye bendi yake. Pancha tu hiyo, mhariri.

Na mwingine ni dada anaitwa Rhiannon Giddens, mwenye asili ya Kiafrika, msomi wa kuimba opera kabisa. 2005 yeye na vijana wenzake weusi walianza kwenda kila Alhamisi usiku nyumbani kwa Joe Thompson huko North Carolina, mzee mweusi mpiga fidla wa miaka themanini na sita, katika wa mwisho mwisho waliobaki na ule mtindo wa watu weusi wa kule. Hakuna darasa wala cheti, mzee anapiga na wao wanapiga. Bendi yao ikachukua Grammy 2011, mzee akafariki mwaka uliofuata akiwa ameshaona. Na banjo lile mlilolisikia kwenye ule wimbo wa kantri wa Beyoncé 2024, ambao hapa ulipigwa hata kwenye matatu za Bamburi, lilikuwa mkononi mwa dada huyo huyo.

Na hapo ndipo namjibu yule bwana wa Wazungu. Banjo si la Mzungu. Lilianzishwa na Waafrika waliopelekwa utumwani Karibi na Marekani, kibuyu na ngozi na mti, na mpaka leo Wajola wa Senegal na Gambia wana chombo chao akonting, ukikiona utasema hiki na banjo wamenyonya ziwa moja. Ile stili asili yake ni visiwa vya Hawaii. Ile kipindi maarufu ya redio ya Nashville, Grand Ole Opry, iliyoanza 1925, mmoja wa nyota wake wa mwanzo kabisa alikuwa mtu mweusi, DeFord Bailey, akipiga kinanda cha mdomo kile akiigiza treni mpaka unatafuta tiketi, ingawa 1941 walimfukuza. Sasa ni ya nani?

Na hapa hapa Kenya, kabla yule jirani yangu wa Molo hajazaliwa, santuri za Jimmie Rodgers, yule mfanyakazi wa reli aliyerekodi mara ya kwanza Bristol kule Marekani 1927 na wanaomwita baba wa kantri, zilishafika kwa Wakipsigis. Walimsikia wakalichukua na jina lake likawa Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Kiafrika, akapita na mashine yake ya kurekodi akawakuta wasichana wanamwimba, wameshamfanya nusu mtu nusu swala, wanamkaribisha acheze. Huyu ndiye mtu wa bara aliyepotea njia? Mie naona njia ndiyo iliyomfuata yeye.

Kwa hivyo msinielewe vibaya, sisemi tuwaige. Hatuna haja ya kofia. Nasema tuwaangalie tujione sisi wenyewe, maana sisi fidla tunayo! Hata jina ni hilo hilo, wazee wa taarabu wanaiita fidla, na udi tunao, ganuni, dumbak, rika, na tashkota. Vijana msioijua tashkota, ni sanduku jembamba la mbao lina nyuzi na juu yake safu ya vidude vya kubonyeza kama taipureta, mkono mmoja unabonyeza mwingine unakwaruza. Ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, ikafika mpaka pwani yetu, na fundi zetu wakaitia umeme wakaipigia chakacha, sikilizeni nyimbo za Bi Zuhura Swaleh za miaka ya sabini mtaisikia inavyochokoza. Mjapani mwenyewe akiisikia sidhani kama ataitambua. Na marehemu Juma Bhalo alitwaa lahani za filamu za Kihindi akazivisha Kiswahili mpaka Wahindi wenyewe wakaja kusikiza. Hivyo hayo mambo ya asili safi isiyochanganyika mie siyajui, sijawahi kuyaona, si kwao si kwetu. Chombo chochote kikipigwa na mikono ya watu miaka hamsini ni chao. Shida ni mikono.

Ntawapa kisa. Mwaka jana tulimwoza mpwa wangu, dadangu akasema yeye hataki makelele, anataka taarabu asilia, tukaenda kukodi bendi, bei elfu thelathini na tano, na kwenye bango lao limeandikwa kabisa taarabu asilia ya mwambao. Usiku wa sherehe ya wanawake, ukumbi mmoja upande wa Tudor. Mie nilikuwepo nje kwenye mlango wa nyuma na mashine, mwajua tena fundi ndiye mwanamume pekee anayevumiliwa karibu na ukumbi wa wanawake. Naona bendi inashuka kwenye tuktuk. Mwimbaji mmoja wa kike, laptopu moja, kijana mmoja na kibodi. Nkamuuliza, "Mwanangu, udi uko wapi?" Akaipiga piga ile kibodi mgongoni, "Umo humu, ami." Na fidla je? "Nayo imo." Mpiga dumbak? "Wote wamo ami, usiwe na wasiwasi."

Na mie naijua ile kibodi! Niliifungua mezani kwangu wiki mbili kabla, chumvi ya bahari ilikuwa imekula bodi upande wa chini, nkaisafisha kwa spiriti nkatia risasi mpya. Kwa hivyo naweza kuapa kwamba udi haumo. Kuna sauti ya mtu fulani aliyepiga udi mara moja katika studio fulani, noti moja moja, ikahifadhiwa. Ukibonyeza kwa hasira ni ile ile, ukibonyeza kwa huzuni ni ile ile. Mpiga udi akiwa na huzuni ukucha unachelewa kidogo kwenye uzi na watu wanaitikia aaah kabla hata neno halijaimbwa. Waliowahi kukaa kumsikiza marehemu Zein l'Abdin wanajua naongea nini.

Basi saa nne na kitu stima ikakatika. Jenereta la ukumbi likavutwa kamba mpaka kamba ikakatika nayo. Kijana wa kibodi akatoka nje akasimama karibu yangu mikono haina kazi. Kukawa kimya. Halafu mle ndani gizani nkasikia kok, kok, kok. Mabibi walikuwa wamekuja na pembe zao za vugo kwenye mikoba, sijui nani aliwaambia, wakazigonga kwa vijiti, mmoja akaanzisha wimbo kwa sauti imekwaruza kabisa, wakamwitikia watatu, kisha kumi, kisha ukumbi mzima, na vigelegele juu yake, wasichana wa chuo waliokuwa wamekaa na simu zao nao wamo. Dakika ishirini hivi. Mie nimeegemea ukuta, wallahi nywele zimenisimama. Yule kijana kimya, halafu akaniuliza ami hii ni pembe ya nini. Nkamwambia ya nyati.

Stima ikarudi. Mtu akabonyeza, spika zikalia, na wale mabibi wakazimwa kama redio.

Nilijisikia vibaya sababu amplifaya ile ni mie niliyeitengeneza, na pesa yake nilishakula. Sina uso wa kumlaumu kijana. Alinunua anachokiweza, analisha watu, udi mmoja mzuri ni ghali na anayejua kuupiga atataka na yeye alipwe, wa fidla atataka, ukiwajumlisha bendi ya zamani ya watu kumi hakuna mwenye harusi wa kuilipa leo. Naelewa hesabu hiyo. Lakini hata Nashville kompyuta zipo, bei rahisi vilevile zipo, na waliozirudisha fidla si mabosi, mabosi walifuata baadaye walipoona watu wananunua tiketi za wale wenye fidla na kuwaacha wale wasio nayo. Sisi soko letu si redio wala tiketi, soko letu ni harusi. Anayeamua Mombasa isikie nini ni mama wa bibi harusi.

Tazameni muziki wa bango. Mzee Joseph Ngala na saksafoni yake pale Freretown, muziki ule haukufa, na sababu haukufa ni kwamba Wamijikenda harusi bila bango wanaona kama pilau bila nyama, kwa hivyo kuna vijana leo wanajifunza saksafoni wakijua Jumamosi kuna kula. Haukuokolewa na semina. (Nimehudhuria semina mbili za utamaduni, zote niliitwa kuja kufunga spika, na zote muziki wa wageni waalikwa ulitoka kwenye flashi.)

Sasa ombi langu kwa akina mama mnaosoma, mkienda kukodi bendi mwaka huu msiulize bei peke yake, ulizeni ni nani anakuja na chombo chenye uzi. Mmoja tu. Kibodi ibaki, mie pia nahitaji kula, lakini pembeni yake akae mtu mmoja wa udi au fidla alipwe elfu tano zake. Mwaka wa pili watajitafutia wenyewe wa pili. Na wewe mhariri badala ya kutujazia ukurasa wa burudani na nani kaachana na nani, mtume mwandishi wako azunguke Kibokoni, Likoni, Kisauni, Mtwapa, aandike ni nani aliyebaki anayeweza kukaza uzi wa ganuni kwa sikio, maana hao ukiwauliza jina mtaani watu wanakuonyesha, ila hakuna anayewagongea mlango.

La mwisho ni la kibinafsi kidogo. Kwenye rafu yangu kuna tashkota. Mwenyewe aliileta 2009 niitie pikapu mpya, akafariki kabla hajarudi kuichukua, nkaipeleka kwa watoto wake wakaniambia kaa nayo fundi, sisi haina wa kuipiga. Imekaa hapo juu ya makopo ya skrubu miaka yote. Mwezi uliopita yule kijana wa kibodi alikuja kuchukua chaja, akaiona, akaomba kuigusa, na sasa anakuja usiku akifunga kazi zake, anasikiza kaseti za zamani kwenye redio yangu na anatafuta, anakosea, anarudisha kaseti nyuma. Mwalimu hatuna. Vidole vinaanza kujua njia lakini vidude saba havirudi juu ukivibonyeza, springi zimeliwa na chumvi, nimejaribu za kalamu ni laini sana, za laita ni ngumu. Kama kuna msomaji ana tashkota mbovu nyumbani, hata imepasuka, tafadhali asiitupe, mie nazitaka hizo springi tu, aulize fundi wa redio hapa Majengo atanipata.

Fundi wa redio,
Majengo, Mombasa